Karavani Kwenye Mchanga wa Lowa

Nilijifunza gari kwa kitabu. Sikuwa na mwalimu, na hilo lilinipa kiburi na hofu kwa kipimo kimoja. Kitabu chenyewe nilikiokota katika karakana ya ferma ya ng'ombe huko Kirolirwe, ambako baba yangu alikuwa mkamuaji. Kilikuwa cha Kifaransa, hakikuwa na jalada, na kurasa nyingi za katikati zilikuwa zimechanwa na mtu aliyehitaji kuwashia moto. Orodha ya sura ilibaki nzima. Kwa hiyo nilijua kwamba palikuwa na sura kuhusu kuendesha juu ya mchanga, lakini sikuwahi kuisoma. Wala sikuhuzunika. Kwetu Masisi tuna matope, tuna mawe, tuna ukungu. Mchanga tuliuona kwenye ndoo ya mwashi tu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Ulikuwa mwaka wa pili baada ya Uhuru, na mzungu mwenye ferma alikuwa amekwisha kurudi kwao. Alichoacha nyuma, mbali na ng'ombe na madebe ya maziwa yaliyong'arishwa, kilikuwa karavani: nyumba nzima ya mabati yenye magurudumu, ndefu kama mabenchi mawili ya kanisani yaliyounganishwa, madirisha sita, makabati ndani, kitanda cha kukunja, na sinki ndogo nyeupe. Iliegeshwa chini ya mikaratusi na kuku walikuwa wakitagia ngazini. Meneja hakujua aifanyie nini. Dada yangu alijua.

Dada yangu mkubwa alikuwa mkunga. Alikuwa amepelekwa Walikale, ng'ambo ya mto Lowa, kwenye dispansari ya chumba kimoja. Chumba hicho kilijaa wenye homa na wenye vidonda, na wanawake waliofika kujifungua hawakuwa na mahali. Aliwazalishia jikoni kwa jirani yake, kwenye mkeka, kati ya moshi na mbuzi. Alipokuja nyumbani kutusalimu akaiona karavani, aliingia, akapima kitanda kwa mikono, akafungua bomba la sinki lisilo na maji, akatoka na kumwambia meneja: "Papa, hii nyumba inalala bure. Miye niko na bamama banalala inje." Meneja alifikiri siku mbili, akakubali, na jipu la kuivutia akatuazima pia. Lilikuwa jipu lenye nguvu kwenye magurudumu yote manne.

Dada akaniuliza kama naweza kuifikisha. Alinieleza njia: kushuka kutoka milimani hadi msituni, kisha mto, na katikati ya mto kisiwa kikubwa cha mchanga. Wakati wa kiangazi mkono wa kwanza wa mto unavukwa kwa gari. Kisiwani mna njia zilizokanyagwa na majipu yanayokwenda kuchota mchanga wa kujengea. Ukishavuka kisiwa, mkono wa pili unavukwa juu ya mitumbwi iliyofungwa pamoja kwa mbao.

"Unajua kuendesha mu mchanga?"

"Najua," nilisema.

Huo ulikuwa uongo wa kwanza. Wa pili ulikuwa mbaya zaidi, na nautaja mapema ili msomaji asidhani kwamba nilikuwa mtu asiye na hatia aliyepatwa na bahati mbaya.

Palikosekana kipande kimoja tu, kishikio cha chuma kinachoiunganisha karavani na jipu. Kiliagizwa Goma. Dada alirudi Walikale na kunisihi nianze safari mara kifikapo, kwa maana mvua zikirudi mto hauvukiki tena. Kishikio kilifika mwishoni mwa Julai, juu ya lori la maziwa, kimefungwa kwa gunia. Nilikipokea mwenyewe. Nikakificha chini ya kitanda changu.

Nilikuwa sijamaliza kupaka rangi ndani ya makabati. Naweza kuwaeleza watu leo na wakacheka, lakini wakati ule halikuwa jambo la kuchekesha. Nilikuwa nimepaka mara moja, nikaona michirizi ya brashi, nikakwangua, nikapaka tena. Kisha nikaona ubao mmoja wa sakafu unalia ukikanyagwa. Kisha bawaba. Kila jioni nililala nikisema kesho nitaanza safari, na kila asubuhi niliona jambo jingine ambalo mtu angeweza kuja kulionyesha kwa kidole. Barua za dada zilikuja kila juma kwa mkono wa wasafiri. Nilimjibu: kishikio hakijafika. Niliandika hivyo mara tatu, kwa mwandiko mzuri. Nilijua kwamba nilikuwa nikiogopa, na rangi ilikuwa mahali pa kujificha.

Tuliondoka Agosti, majuma matatu baada ya kishikio kufika. Nilifuatana na baba mdogo, mchunga ng'ombe mrefu mwenye kofia ya sufu, aliyebeba vipande viwili vya mti vya kuzuilia magurudumu. Kila tulipoanza kupanda mlima alishuka na kutembea nyuma ya karavani, na kila ilipoanza kurudi nyuma alitupa mti chini ya gurudumu na kupiga kelele kama anayezuia fahali.

Safari ile naipenda bado. Asubuhi ya kwanza ukungu ulikuwa umelala juu ya malisho, na ng'ombe walitazama nyumba ikipita, wakaacha kutafuna. Kijijini Muheto tulisimama kwa sababu barabara ilijaa watu. Walitaka kuingia. Baba mdogo akawapanga mstari, wanawake kwanza, kila mmoja avue viatu au afute miguu kwa majani, kwa kuwa alijua nitaugua nikiona matope sakafuni. Mama mmoja mwenye mzigo wa maharagwe aliingia, akazunguka, akatoka na uso wa masikitiko.

"Nyumba iko muzuri. Lakini moshi inatokea wapi?"

"Mama, hakuna moto ndani."

"Nyumba bila moto!" akasema. "Basi huyo muzungu alikuwa maskini kweli."

Kwenye kona za kushukia Masisi nilisimamisha jipu mara kwa mara, nikashuka, nikapima barabara kwa kamba, nikapima karavani, nikarudi kupima barabara. Baba mdogo alikaa juu ya jiwe akila viazi vya jana.

"Barabara imenenepa tangu ulipoipima?" aliniuliza.

"Papa, nataka kuwa na hakika."

"Kuwa na hakika. Miye nitazeeka hapa pole pole."

Tuliingia msituni siku ya tatu. Hewa ikawa nzito na ya moto, na baba mdogo akavua kofia ya sufu kwa mara ya kwanza niliyowahi kuona. Tulipofika kando ya Lowa alitazama maji, akatazama msitu ng'ambo, akasema kazi yake ilikuwa milima, na milima imekwisha. Aliniachia vile vipande viwili vya mti na akageuka kurudi na wachuuzi wa chumvi. Ningependa kusema kwamba niliagana naye vizuri. Nilikuwa chini ya jipu nikikaza boliti.

Mkono wa kwanza wa mto ulikuwa wa changarawe, na maji hayakufika magotini. Nilivuka bila kupumua. Upande wa pili, juu ya mchanga mweupe, dada yangu alikuwa amesimama na watu kama ishirini wa kijiji chake, waliokuja kwa mitumbwi. Alivaa gauni lake la kazi. Alikimbia, akaweka viganja viwili juu ya bati la karavani, moja kwa moja, kabla hajanisalimu mimi.

Kisha akatazama juu ya mto, upande tuliotoka. "Mvua imeanza kule kwenu?"

"Kidogo," nilisema.

"Leo njo leo, mudogo wangu. Tuvuke leo."

Njia za majipu zilikuwa mbele yangu, mifereji miwili inayokwenda katikati ya kisiwa. Niliingiza magurudumu ya jipu ndani yake na nikafurahi, kwa kuwa yalikaa sawasawa kabisa. Sikufikiri jambo dogo ambalo mtu yeyote aliyewahi kutumia toroli angelifikiri: karavani ilikuwa pana kuliko jipu. Magurudumu yake hayakuingia kwenye mifereji iliyokandamizwa. Yalipita pembeni, juu ya mchanga ambao hakuna aliyewahi kuukanyaga. Tena nilikuwa nimeyajaza upepo hadi yakawa magumu kama mawe, kwa sababu ndivyo tunavyofanya Masisi, upepo mwingi, ili jiwe lisikate mpira. Leo najua kwamba mchanga unataka gurudumu laini. Tulikwenda labda hatua mia mbili. Kisha nikahisi mtu ananivuta kutoka nyuma, kwa upole sana, na jipu likasimama.

Niliongeza moto wa injini. Karavani ikakaa chini kama kuku anayetaka kutaga.

Nilichofanya kwa saa tatu zilizofuata kinanitia aibu mpaka leo. Nilichukua jembe na kuchimba. Nilichimba mfereji mbele ya kila gurudumu, kingo zake zimenyooka kwa kipimo cha kamba, kina sawa, na mchanga ukabomoka. Nikachimba upya. Wanaume walikuja kusaidia, nikawaambia wasikanyage kingo. Mama mmoja mnene, ambaye baadaye nilijua ndiye mwenye lile jiko alimozalishia dada yangu, alikaa mchangani miguu imenyooshwa na kunitazama.

"Anachimba kaburi ya nani?" aliuliza.

"Ya gari," mtu akamjibu.

"Basi gari ilikuwa chifu. Kaburi ya muntu wa kawaida haipimwe na kamba."

Dada yangu hakucheka. Alikuwa amesimama ukingoni mwa maji, na baada ya muda aliniita. Alinionyesha mto. Maji yaliyokuwa kijani asubuhi yalikuwa na mshipa mwekundu katikati, mwembamba, kama uzi. Niliujua wekundu ule. Ulikuwa udongo wa kwetu, wa mashamba ya milimani, ule unaobaki chini ya kucha za mama yangu akitoka kupanda maharagwe. Mvua ilikuwa imenyesha Masisi, na maji yalikuwa njiani yakitufuata.

"Ikijaa, kisiwa inafunikwa," dada alisema. "Inabakia tu kile kichwa." Alionyesha mwisho wa juu wa kisiwa, palipoinuka kidogo, penye miti michache. "Hapa tuko, maji itapita mu madirisha."

Hapo ndipo mchonga mitumbwi alipokuja mbele. Alikuwa mtu mfupi, mwenye mabega mapana na shati la Jumapili, na ni yeye aliyepiga ngoma kanisani kwao. Aliizunguka karavani mara moja, akainama, akatazama chini ya tumbo lake, akagonga bati.

"Hii haiko gari," alisema. "Hii ni mutumbwi. Toa miguu."

Sikuelewa. Akanieleza kama anayemweleza mgonjwa. Mtumbwi mpya unachongwa ndani ya msitu, pale mti ulipoangukia. Ni mzito kuliko karavani hii, na hauna magurudumu, na bado unafika mtoni. Unalazwa juu ya vigogo vya migomba vilivyolowa, watu wanavuta kwa kamba za mimea itambaayo ya msituni, na vigogo vya nyuma vinapelekwa mbele. Magurudumu yanazama. Tumbo halizami.

"Papa, utaharibu sakafu," nilisema.

"Maji itaharibu nini?"

Nilifungua kishikio, nikalisogeza jipu kando, nikatoa magurudumu. Nilitumia kriki ya kuinulia gari, iliyosimama juu ya vipande vile viwili vya mti, na kwa haraka yangu boliti moja ikaanguka mchangani na sikuiona tena. Waliokwenda ng'ambo kukata migomba walirudi na mitumbwi imejaa vigogo. Karavani ikashuka juu yake ikitoa sauti ya kukamuliwa. Mshipa mwekundu mtoni ulikuwa sasa mpana kama barabara.

Nilishika kamba pamoja na wengine, mbele kabisa, na nikaanza kuhesabu kwa sauti kubwa: un, deux, trois. Walivuta. Karavani ikatikisika, ikabaki. Nikawaambia kwamba upande wa kushoto walichelewa. Tukarudia. Nikawaambia upande wa kulia sasa. Mara ya tatu mchonga mitumbwi aliachia kamba na kuketi, na wote wakaachia.

"Tulifanya vibaya," alisema. "Hatukusema kwanza."

Wazee wa pale walikuwa na desturi, na watu hawa, ingawa wote walikuwa Wakristo, hawakuiacha. Kabla ya kuvuta mtumbwi mpya, kila mmoja aliye kwenye kamba anasema alichokificha kifuani, kinyongo au kosa, kwa sauti, mbele ya wote. Mtu aliyeficha kitu, walisema, havuti pamoja na wengine, anavuta peke yake.

"Padri hakatazi?" niliuliza.

"Padri anasikia zambi ya Mungu," mchonga mitumbwi akanijibu. "Siye tunasikia zambi ya kamba."

Wakaanza, haraka haraka, kwa kuwa maji yalikuwa yakija. Kijana mmoja alisema ana kinyongo na shemeji yake, aliyesimama nyuma yake kwenye kamba ile ile. "Imbwa yake ilikula samaki yangu ya moshi. Akasema ni paka."

"Ilikuwa paka!"

"Paka iko na kengele mu shingo?"

Watu wakaangua kicheko, maana mbwa wa kuwindia ndio wanaovishwa kengele za mti. Shemeji akakuna kichwa. "Ilikuwa imbwa," akasema. Mama mwenye jiko akasema amenicheka mimi tangu asubuhi, na atanicheka tena kesho, lakini hana ubaya. Mwingine akasema alitamani ile sinki nyeupe aipeleke kwake. Ilizunguka hivyo hadi ikafika mbele, kwangu.

Nilisema sina kitu.

Mchonga mitumbwi alingoja tu, akitazama mto. Na dada yangu alikuwa pale pembeni, mikono juu ya kamba, kwa sababu yeye pia alikuwa akivuta. Nilitazama maji mekundu na nikaona, si kwa namna ya fumbo, bali kama hesabu ya darasa la pili, kwamba yale majuma matatu niliyoyaficha chini ya kitanda ndiyo yaliyokuwa yakitufikia sasa.

"Kishikio kilifika Julai," nilisema. "Dada, kilifika. Nilikuwa nacho. Nilikuandikia uongo. Nilikuwa ninapaka rangi makabati." Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuanza: "Na mchanga sijui. Sijawahi kuuendeshea hata siku moja."

Dada yangu hakupaza sauti. Ningependa angepaza. "Ile majuma tatu," alisema, "nilizalisha bamama batano mu jikoni ya huyu Mama. Mumoja alikaa na homa siku kumi. Nilikuwa ninakwenda ku mto kila asubui kuangalia kama unakuja."

Mama mwenye jiko, aliyeahidi kunicheka, alitazama chini.

"Na miye niko na yangu," dada akaendelea. "Sikukuita kwa ajili ya akili yako. Niliuliza kwanza madereva babili ba kweli. Bote bakasema hii nyumba haiwezi kufika. Njo nikakumbuka niko na mudogo mwenye anasoma vitabu."

Mtu mmoja nyuma alikohoa kicheko. Kisha mwingine. Sikujua kama nacheka au nalia, lakini bega langu lilitikisika na kamba ikatikisika nalo.

"Umemaliza?" mchonga mitumbwi aliniuliza.

"Nimemaliza."

"Basi toka mbele. Ingia katikati. Na ile hesabu yako ya Kifaransa, iwachie wazungu."

Niliingia katikati, kati ya yule kijana na shemeji yake wa mbwa. Mchonga mitumbwi akaanza wimbo. Sikuwa na maneno yake, lakini palikuwa na mahali pa kuvuta, mwishoni mwa kila mstari, na mwili ulipajua hata kama kichwa hakikupajua. Karavani ikasogea. Ilisogea urefu wa mkono mmoja, kisha wa mtu mmoja, kisha ikaanza kuteleza juu ya migomba iliyolowa kama kitu kilichofurahi kuachiliwa. Wanawake walibeba vigogo kutoka nyuma na kuvitupa mbele wakipiga kelele. Bati lilikwaruza. Kabati moja ndani lilifunguka na nikasikia mlango wake ukigonga, ukigonga, na rangi yangu ikibanduka, na sikugeuka.

Hatukuweza kuifikisha kwenye mkono wa pili. Maji kule yalikuwa tayari yakibeba matawi, na hakuna mtu mwenye akili ambaye angeweka nyumba juu ya mitumbwi siku ile. Mchonga mitumbwi aligeuza wimbo, tukageuza karavani, na tukaivuta kwenda juu, kwenye kichwa cha kisiwa, chini ya ile miti michache. Nilirudi kulileta jipu huku mchanga ukianza kulowa, na mchanga uliolowa ulikuwa mgumu, nikaendesha juu yake bila shida yoyote. Kabla ya jua kuzama mifereji niliyoichimba kwa kamba ilikuwa chini ya maji.

Kwa hiyo nyumba ya kuzalia ya dada yangu ikawa kisiwani, si kijijini. Alisema wataifikisha ng'ambo kiangazi kijacho, na kwa sasa wanawake watakuja kwa mitumbwi. Nilimwambia nitabaki hadi irekebishwe. Alinipa sahani ya mihogo na samaki, na tulikula tumekaa ngazini, tumepeana mabega lakini hatutazamani, na huo ndio mlo ninaoutamani kuliko wowote nilioula maishani.

Siku iliyofuata nilikusudia kutafuta mawe na kuisimamisha karavani sawasawa, kwa maana ilikuwa bado juu ya vigogo vya migomba, imeinama upande mmoja, na mtu akitembea ndani yote inayumba. Nilikuwa nimepata mawe manne tu wakati mtumbwi ulipotokea kwenye maji mekundu. Ndani yake mlikuwa na mama mwenye jiko, amemshika mwanamke kijana aliyeuma kitambaa. Walipita mbele yangu, wakapanda ngazi, na mlango ukafungwa.

Baada ya muda dirisha likafunguliwa.

"Nani anatikisa hii nyumba?" dada aliuliza.

"Ni wewe, dada. Ukitembea inatikisika."

"Basi muishike!"

Mchonga mitumbwi alikuwa pale, na kijana, na shemeji yake, waliokuja kuangalia kama kamba zimekauka. Tulijipanga kwenye pembe nne, migongo ukutani, visigino vimezama mchangani, tukasukuma. Nyumba ikatulia. Tulikaa hivyo asubuhi yote. Tulisikia kila kitu, na hakuna aliyejua aweke wapi macho, hivyo tulitazama mto, kila mtu upande wake. Shemeji akaanza kuimba ule wimbo wa kuvuta kwa sauti ya chini, na ndani, katikati ya kilio, sauti ya mama mwenye jiko ikaudaka na kumpa yule mwanamke mahali pa kusukuma, mwishoni mwa kila mstari.

Jua lilipokuwa utosini nikasikia kilio kingine, chembamba, cha hasira. Mchonga mitumbwi akapiga kofi moja na kuanza kuondoka kwenye pembe yake, na nyumba ikayumba.

Dirisha juu ya kichwa changu likafunguka. Dada alimwaga beseni la maji, na nusu yake ikaniangukia.

"Musitoke!" alisema. "Kazi haiyaisha. Kondo ya nyuma iko bado."

Nilirudisha mgongo wangu ukutani.